Je, Wajua? Taa za LED za Gari la Kazi

Sogea hapa, dereva. Je, wajua kwamba kile kitone cha njano kilichomo ndani ya taa ya LED kwenye bampa la pikapu kina upana wa milimita moja au mbili tu? Kipe wati 3 za umeme, nacho kitakupa lumeni 300 hivi. Mshumaa wa nyumbani hutoa lumeni kama 12, kwa hiyo hapo una mishumaa 25 ndani ya kitone!

Tena chenyewe si cha njano. Chini kabisa kuna chipu inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake umepakwa unga wa njano unaoigeuza sehemu ya buluu hiyo. Buluu na njano zikichanganyika, jicho lako linaona nyeupe. Umeipata hiyo?

Na wajua chipu hiyo huoteshwa juu ya nini? Juu ya yakuti! Ni yakuti samawi ileile ya kwenye pete, ila hii hutengenezwa kiwandani ikiwa haina rangi, kisha hukatwa vipande vyembamba. Chipu nyingi zinazomulika machimboni na mashambani leo zimezaliwa juu ya jiwe la thamani.

Je, wajua aliyeifanya LED ya buluu ing'ae kwa nguvu alilipwa bonasi kiasi gani? Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia katika mji mdogo wa Anan nchini Japani, aliitangaza kazi yake mwaka 1993. Akapewa yeni 20,000, chini ya dola 200 za Marekani za wakati ule! Alikwenda mahakamani, na mwaka 2004 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yeni bilioni 20. Mwaka 2005 pande zote mbili zikaelewana kwa yeni milioni 843 hivi. Halafu mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Nobeli nzima, ndugu yangu, kwa ajili ya rangi moja!

LED nyekundu ilitangulia mbali sana. Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric, Marekani, aliiwasha mwaka 1962. Mwaka huohuo viwanda vya Ulaya vilileta balbu ya kwanza ya halojeni ya magari, ile iitwayo H1. Kumbe wapinzani hawa wawili wanaogombea bampa lako ni wa rika moja!

Lakini kuna cha kushangaza zaidi. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round alipitisha umeme kwenye kipande cha jiwe la kunolea, akaliona likitoa mwanga. Akaandika habari fupi mno, basi. Miaka ya 1920 Mrusi Oleg Losev akaurudia ugunduzi huo na kuuchunguza kwa kina. Alifariki kwa njaa mwaka 1942, Leningrad ikiwa imezingirwa na jeshi la Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 38. Mtu huyu aliiona LED zaidi ya nusu karne kabla haijafungwa kwenye gari lolote.

Je, wajua magari ya mwanzo yalimulikwa kwa maji? Dereva aliweka mawe ya kabaidi ndani ya kopo, maji yakadondoka juu yake tone kwa tone, gesi ya asetilini ikatoka, naye akaiwasha kwa kiberiti. Cadillac la mwaka 1912 ndilo lililounganisha stata ya umeme, taa za umeme na dinamo katika gari moja la kuuzwa kwa wingi.

Haya, tuje kwenye mambo ya leo. Balbu ya halojeni ya H4 ikiwa kwenye dimu hula wati 55 na kutoa lumeni 1,000 hivi. LED nzuri inatoa lumeni hizohizo 1,000 kwa wati 10 tu! Zile wati nyingine za halojeni zinapasha joto boneti na wadudu wa usiku.

Uzi ulio ndani ya halojeni ni wa tangsteni, na tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi. Hakuna metali nyingine yoyote inayostahimili moto kiasi hicho. Lakini uzi huo unashindwa na kitu kimoja unachokijua vizuri sana: mabati ya barabara ya changarawe! LED haina uzi wowote wa kukatika, na hapo peke yake imeshamshinda mwenzake.

Wajua LED huwaka haraka kiasi gani? Papo hapo, kabla hata kidole hakijatoka kwenye swichi. Balbu ya uzi huchukua kama sekunde 0.2 kuwaka sawasawa. Unaona ni kidogo? Gari la nyuma yako likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, sekunde 0.2 ni mita 5 na nusu. Basi taa za breki za LED zinampa mwenzako mita 5 na nusu za bure!

Na umri je? Taa nyingi za LED hupimwa kwa saa 50,000. Iwashe kwa saa 4 kila usiku, na saa hizo zitakuchukua miaka 34! Ila sikiliza: saa hizo hazihesabiwi mpaka taa izimike. Huhesabiwa mpaka mwanga wake ushuke na kubaki asilimia 70. LED haifi ghafla, inafifia taratibu.

Sasa twende dukani, maana huko ndiko pesa zinakopotea.

Je, wajua kwamba taa iliyoandikwa wati 300 kwenye boksi inaweza kuwa inakula wati 60 tu? Gawanya mwenyewe: wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25. Uwe Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road pale Nairobi, omba taa iwashwe kwa betri na fundi aweke mita ya ampea katikati. Mita ikisoma 5, unanunua wati 60, hata boksi liandikwe nini!

Subiri, hujamaliza. Iache taa iwake dakika 10 kisha soma tena. LED ikipata joto mwanga wake hupungua, na taa zenye akili hujipunguzia umeme zenyewe ili zisiungue. Kwa hiyo taa iliyokupendeza katika sekunde ya kwanza siyo taa utakayokuwa nayo saa nane usiku.

Lumeni nazo zina mambo yake. Wauzaji wengi hutaja lumeni za hesabu: idadi ya chipu mara kiwango cha juu cha kila chipu. Hapo mwanga haujapita kwenye kioo wala kupambana na joto. Uliza lumeni halisi, zilizopimwa nje ya taa ikiwa imeshapata moto. Mwenye taa nzuri huzitaja kwa furaha!

Taa ikiandikwa kuwa inafika mita 500, wajua mwisho wa hizo mita kuna nini? Kwa kawaida kuna luksi 1. Mwezi mpevu unamulika kama robo ya luksi. Kwa hiyo pale mwisho unapata mwanga wa miezi minne, basi. Kumtambua ng'ombe mweusi kwa mwanga huo ni kazi!

Na ukitaka taa ifike mbali mara mbili, unahitaji mwanga mara ngapi? Si mara mbili. Mara 4! Ukitaka mara tatu, ni mara 9. Ndiyo maana kuongeza taa ya pili iliyo sawa na ya kwanza hakukupi hata nusu ya umbali zaidi: unaongeza asilimia 41 tu.

Ujanja uko kwenye pembe ya mwale. Taa ya spoti yenye nyuzi 10, ikifika mita 100 mbele, imetanuka mita 17 na nusu tu. Taa ya kutawanya yenye nyuzi 60 imetanuka mita 115 kwa umbali uleule! Lumeni ni zilezile, ila ya kwanza inakuonyesha alama ya barabarani na ya pili inakuonyesha shamba zima la miwa. Gari la kukata mbuga linahitaji ya kwanza. Gari la kupakia miwa linahitaji ya pili.

Hili sasa lisikilize polepole, maana ndilo linalonisisimua kuliko yote. Je, wajua kwamba taa iliyofungwa chini inakuonyesha jiwe la barabarani vizuri kuliko taa ileile ikifungwa juu ya paa? Chukua jiwe lenye kimo cha sentimita 10, liweke mita 20 mbele ya pikapu. Taa ya kwenye bampa, sentimita 60 kutoka ardhini, inalitupia jiwe hilo kivuli cha mita 4! Taa ya kwenye keria, mita 2 juu, inalitupia kivuli cha mita 1 tu.

Na bado! Ukiwa umeketi kwenye usukani wa pikapu, macho yako yako kama mita 1.4 kutoka ardhini, yaani chini ya ile taa ya paa. Ukipiga hesabu, kile kivuli cha mita 1 chote kimejificha nyuma ya jiwe lenyewe. Hukioni kabisa! Barabara yote inang'aa nyeupe mbele yako, imenyooka machoni, kumbe mashimo yamo.

Dereva wa lori kubwa ana bahati. Macho yake yako mita 2.3 au zaidi kutoka ardhini, kwa hiyo vivuli vya taa za bampa anaviona virefu kuliko wewe wa pikapu. Hukumu yangu kwa anayepita barabara za vumbi usiku ni hii: pesa ya kwanza iende kwenye bampa. Keria isubiri.

Vumbi lenyewe linasema hivyohivyo. Taa ikiwa karibu na usawa wa macho, mwanga hugonga vumbi na kurudi moja kwa moja usoni pako. Taa ikiwa chini, mbali na macho, mwanga mwingi unaorudi unakukosa. Ndiyo sababu taa za ukungu hufungwa chini ya bampa, na wala si kwa ajili ya mapambo!

Uliwahi kufunga taa ya baa juu ya kioo cha mbele, ukashangaa boneti ndiyo inayong'aa kuliko barabara? Irudishe nyuma ya ukingo wa mbele wa paa, sentimita kadhaa tu. Paa lenyewe linakata ule mwale unaoangukia boneti, na giza linarudi pale linapotakiwa.

Lakini gari likisimama na kazi ikaanza, mambo yanageuka. Fundi anayebadilisha springi usiku hataki kivuli hata kidogo. Mpe taa mbili za kutawanya, moja kila upande na zote juu, na kivuli cha mkono wake kitafutika. Lumeni 2,000 zikisambaa kwenye mita 20 za mraba zinampa luksi 100, yaani mara 400 ya mwezi mpevu!

Je, wajua kwamba Ufaransa iliyalazimisha magari yake yote kuwa na taa za njano? Sheria ilitungwa mwaka 1936 na ikadumu mpaka mwaka 1993. Zaidi ya nusu karne, nchi nzima ikimulika njano!

Na je, njano inapenya ukungu kuliko nyeupe? Hapana! Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Faida ya njano iko machoni: kwa watu wengi, mwanga usio na buluu nyingi unachoma kidogo. Buluu ndiyo inayokera.

Rangi ya taa hupimwa kwa kelvini, na hapa kuna kichekesho cha maumbile: namba ikipanda, rangi inakuwa ya baridi! Mshumaa una kelvini 1,900, halojeni 3,200, jua la adhuhuri 5,500 hivi. Taa nyingi za LED za bei rahisi zina 6,000 na zaidi. Kwa kazi ya usiku kucha, tafuta 4,000 mpaka 5,000, macho yatakushukuru.

Kuna namba nyingine ambayo wanunuzi hawaiulizi kamwe. Uwezo wa taa kuonyesha rangi kwa usahihi hupimwa kwa alama, na alama ya juu kabisa ni 100. Halojeni inakaribia 100 hiyo. LED nyingi za kazi zina 70 tu! Chini ya taa ya 70, waya mwekundu na waya wa kahawia zinaweza kukuchanganya, na kwa fundi umeme hilo si jambo dogo.

Wajua kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20? Mzee na tandiboi wake wanatazama barabara moja, kwa taa moja, na wanaona vitu viwili tofauti. Ukimchagulia mzee wako taa, usipime kwa macho yako.

Macho ya wanyama nayo! Barabara kuu ya kwenda Iringa inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na usiku utaona macho yanawaka gizani kabla hujamwona mnyama. Nyuma ya jicho la swala, ng'ombe, mbwa na simba kuna utando unaorudisha mwanga. Mwanadamu hana utando huo. Punda wa mwenye mkokoteni atakuonya kwa macho yake, mwenye mkokoteni hawezi!

Na wale wadudu wanaoizunguka taa, je, wajua kwamba huenda hawavutwi nayo kabisa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Nature Communications uliwapiga picha za kasi na kugundua kwamba wadudu huelekeza mgongo kwenye mwanga. Angani mwanga siku zote hutoka juu, ndivyo wanavyojua juu ni wapi. Taa yako inawapoteza, wanageuzageuza mgongo na kubaki wakizunguka. Maskini!

Twende kwenye nyaya. Hapo ndipo taa nzuri huharibiwa na mtu mwenye haraka.

Chukua taa ya ampea 10, iliyo mita 5 kutoka kwenye betri. Ukitumia waya wa milimita 1 ya mraba, kwenda na kurudi, unapoteza volti 1.7 njiani! Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba, unapoteza 0.4 tu. Shaba ni ileile, unene ndio umebadilika.

Halojeni ikikosa volti inalalamika waziwazi: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. LED yenye kidhibiti kizuri haionyeshi chochote. Volti zikishuka, yenyewe inavuta ampea zaidi ili mwanga ubaki uleule, na waya mwembamba unazidi kupata moto. Taa inang'aa, waya unaiva!

Ndiyo maana nawaonea wivu wenye malori ya volti 24. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10, kwa volti 24 ni ampea 5. Na joto ndani ya waya uleule linakuwa nusu? Hapana, robo! Habari njema ni kwamba taa nyingi za LED za kazi hupokea kuanzia volti 10 mpaka 30, kwa hiyo taa moja unaweza kuihamisha kutoka Hilux kwenda kwenye Scania bila kubadilisha kitu.

Fyuzi inalinda nini? Usiniambie taa. Fyuzi inalinda waya! Betri ya gari hutoa ampea zaidi ya 100 kwa stata bila kutoa jasho, na waya wa taa uliochubuka ukagusa chesisi utazipokea zote. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ikikaa karibu na taa, waya wote wa kutoka betri mpaka hapo hauna mlinzi.

Fyuzi za magari zina rangi zake duniani kote. Nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, njano ni 20, isiyo na rangi ni 25, kijani ni 30. Ukishazikariri, unaweza kusoma boksi la fyuzi la gari lolote, kuanzia Mombasa mpaka Lubumbashi.

Na zile namba kwenye rilei, 30, 85, 86, 87, wajua zimetoka wapi? Ni kiwango cha Kijerumani, DIN 72552, na mafundi wa mabara yote wanazitumia. 30 inatoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili. Koili hula chini ya robo ya ampea na kutawala ampea 30 au 40! Swichi ndogo ya dashibodi inalala salama.

Kazi ikiendelea injini imezimwa, piga hesabu kabla ya giza. Betri ya ampea-saa 70 haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 35 za kutumia. Taa za ampea 10 zitakupa saa 3 na nusu. Halojeni nne za wati 55 zingekumalizia kabla ya saa 2 kuisha!

Wajua kwamba taa inayostahimili kuzamishwa inaweza kushindwa na mpira wa kuoshea gari? IP67 maana yake taa ilizamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30 ikatoka kavu. Haisemi lolote kuhusu maji ya kusukumwa kwa nguvu! Kwa maji hayo tafuta IP66 au IP69K. Hii ya mwisho humwagiwa maji ya nyuzi 80 za Selsiasi, kwa msukumo wa baa 80 mpaka 100, kutoka sentimita 10 mpaka 15 tu. Ingekuwa ngozi, ingechunika.

Sasa fikiria umetoka kupanda mlima na taa ina nyuzi 80 ndani, halafu unaingia mtoni kwenye maji ya nyuzi 25. Hewa iliyomo inapoa, na msukumo wake unashuka kwa asilimia 15 hivi. Taa inavuta pumzi! Kama mpira wake una ufa, inavuta maji. Ndiyo maana taa nzuri ina kitundu chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Ukikiona kitundu hicho nyuma ya taa, usikizibe kwa silikoni, tafadhali.

Shika taa ya LED baada ya saa moja. Mbele kioo ni vuguvugu, nyuma hapashikiki! Zaidi ya nusu ya umeme bado unageuka kuwa joto, na joto hilo linatokea mgongoni. Kwenye nchi za theluji hii ni balaa, maana theluji inaganda juu ya kioo kisichopata moto, mpaka viwanda vikaanza kuuza taa zenye kipasha joto mbele. Kwetu adui ni tope. Alumini husafirisha joto mara mia kadhaa kuliko plastiki, lakini mapezi yake yakijaa udongo mkavu hayapumui. Ukiosha gari, osha mgongo wa taa kwanza.

Kioo chenyewe wala si kioo. Ni polikaboneti, plastiki ambayo mwaka 1953 Hermann Schnell wa Bayer, Ujerumani, aliigundua, na wiki moja hivi baadaye Daniel Fox wa General Electric, Marekani, akaigundua pia bila kujua habari za mwenzake! Ndiyo plastiki ya vizuizi vya risasi. Changarawe haiiwezi. Lakini ukiipangusa kwa petroli au thina, inafanya nyufa nyembamba na ukungu usiotoka. Maji na sabuni tu.

Wa pwani, wa Tanga na Mombasa, hili ni lenu. Boliti ya chuma kisichoshika kutu, ndani ya alumini, pamoja na chumvi ya bahari, inatengeneza betri ndogo! Boliti inabaki inang'aa na alumini ndiyo inayoliwa. Paka grisi kabla ya kukaza.

Redio yako inakwaruza ukiwasha taa? Siyo bahati mbaya. Ndani ya LED kuna kidhibiti kinachowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele yake inaingia kwenye antena. Kuna kipimo cha kimataifa, CISPR 25, chenye madaraja 1 mpaka 5, na 5 ndilo kimya kuliko yote. Mwenye redio ya mawasiliano kazini asinunue taa isiyotaja daraja lake.

Chukua simu yako, irekodi taa kwa mwendo wa polepole. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye picha, taa inawaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Karibu na feni au mashine inayozunguka, taa hiyo inaweza kukuonyesha pangaboi limesimama, na kumbe linazunguka. Hatari hiyo, usiipuuze.

Je, unaifahamu ile E ndani ya duara kwenye taa za barabarani? Namba iliyo mbele yake inataja nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani, 47 Afrika Kusini. Kwenye taa za fulu kuna namba nyingine, labda 25 au 37.5. Kwa kanuni hizo za Umoja wa Mataifa, ukizijumlisha taa zote za fulu zinazowaka pamoja, jumla isizidi 100. Taa ya kazi isiyo na E kwa ajili ya barabara ni ya shambani, machimboni na gereji, na barabarani izimwe.

Maana dereva unayemmulika usoni hupofuka kwa sekunde kadhaa. Tanzania, gari linalozidi kilo 3,500 mwisho wake nje ya mji ni kilomita 80 kwa saa. Sekunde 3 za upofu kwenye mwendo huo ni mita 67, na tani 30 zinakuja upande wako bila macho!

Basi ukishanunua, usitoboe bampa siku hiyohiyo. Funga taa kwa mkanda wa mpira, ngoja giza liingie, weka jiwe lako la sentimita 10 mita 20 mbele, kisha ishushe na kuipandisha taa mpaka ulione kwa kivuli chake. Hapo ndipo utoboe.